Mkwe Wangu Alivyonijibu kwa Kinyamadege

Tangu nirudi sijanywa chai nikiwa peke yangu. Akitoka huyu anaingia yule, na kila mmoja ananizungusha kwa salamu ndefu kabla hajafika anakokwenda: "Sasa Mama Salma, huyo mjukuu ananyonya?" Wengine mmeuliza mpaka habari za mkwe wangu, na za yule mnyama mwenye mdomo wa bata ambaye picha yake mliiona kwenye simu yangu mkasema nimetengenezewa. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nikimwambia mmoja jioni, asubuhi nakuta habari imeshafika sokoni imevaa nguo nyingine. Kwa hiyo nimeandika, mpitishiane wenyewe. Mambo ya pasi na viza nimeyaruka, yalinichosha vya kutosha mara ya kwanza.

Kwa asiyejua: Salma ni mwanangu wa pekee. Yuko Sydney mwaka wa sita sasa, anafanya kazi maabara, na mumewe Idrisa ni dereva wa lori la makontena. Mtoto wao wa kwanza, Nuru, alizaliwa kabla ya wakati, akakaa hospitali wiki tano ndani ya sanduku la kioo. Alipotoka, hakuweza kunyonya. Salma alinipigia simu akilia, akasema, "Mama, njoo. Hataki ziwa." Nyinyi mnanijua. Mimi ni somo wa mtaa mzima, nimewafunda wanawali ambao leo wanaozesha. Nikajiambia, mambo ya ziwa ndiyo kazi yangu, nikafunga mizigo.

Tanga mpaka Dar

Nilibeba mkaja wa kumfunga mzazi tumbo, kanga doti sita, pilipili manga ya kusaga, tangawizi kavu, na bizari ya uzazi ambayo Bi Tatu wa mitishamba alinichanganyia mwenyewe, pamoja na vile vijiti vyake visivyo na jina. Kondakta alitaka begi liende chini ya basi. Nikamwambia humu mna dawa ya mzazi, akalipandisha kwenye kiti cha mbele kama bibi harusi.

Tulikaa Msata saa mbili kwa sababu ya tairi. Abiria walishuka wakanunua mayai ya kuchemsha na chumvi ya kwenye karatasi. Mwanamke mmoja aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia Australia, akaniuliza kama ni mbele ya Morogoro au nyuma. Nikamwambia mbele kidogo. Sikuwa na moyo wa kumweleza, na kusema kweli hata mimi sikuwa na uhakika.

Kiwanja cha katikati

Ndege ya pili ilichelewa saa tisa, katika kiwanja kimoja cha Uarabuni ambacho kina zulia zuri kuliko la msikiti wetu. Matangazo yalitoka kwa lugha nne na hamna hata moja niliyoielewa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kifilipino, umri wangu, naye kabeba begi la nguo analolikumbatia. Hatukuwa na neno hata moja la pamoja. Alitoa simu akanionyesha picha ya binti mwenye tumbo kubwa. Nami nikatoa yangu, nikamwonyesha Nuru ndani ya kioo chake na mpira puani.

Yule mama aliitazama picha kitambo. Kisha akafungua kopo lake akanipa wali mtamu uliofungwa kwenye jani, mithili ya mkate wa kumimina uliokosea njia. Nikampa visheti. Alikula vinne. Alipoitwa kwenda ndege yake, alinishika kifua kwa viganja viwili, mbele za watu, akaniombea kwa lugha yake. Nilielewa anaombea maziwa. Nililia kidogo alipokwisha ondoka, maana yeye aliona wazi nilichokuwa nakiogopa.

Sydney: mbwa na bizari

Kiwanja cha Sydney kuna mbwa mdogo mwenye masikio marefu, kazi yake kunusa mabegi. Alipita kwa Wachina, akapita kwa Wazungu, akafika kwangu akaketi. Akatulia hapo akinitazama kama jamaa wa karibu. Nilikuwa nimeshaandika kwenye karatasi yao kwamba nina vyakula, sikuficha kitu.

Ofisa kijana alifungua bizari ya Bi Tatu akainusa, akapiga chafya. Akaniuliza kwa Kiingereza ni ya nini. Kiingereza changu mnakijua. Nikasema, "For mother. Baby," na nikachora tumbo kubwa kwa mikono yangu miwili. Kijana akanitazama, akatazama pasi yangu, akahesabu miaka, akanitazama tena. Kisha akatabasamu kwa adabu zote akasema, "Congratulations." Mwenzake akaniletea kiti.

Walichukua vile vijiti, wakaniachia vilivyosagwa. Nilikaa kwenye kile kiti dakika kumi nzima nikiwa mjamzito wa miaka sitini na mbili. Msimwambie Bi Tatu habari ya vijiti, mwachieni niseme mwenyewe.

Quakers Hill

Idrisa alikuwa ananingoja nje. Aliponiona alichuchumaa palepale kwenye sakafu ya kiwanja, watu wakimpita na masanduku, akasema "Shikamoo mama" macho chini. Sasa nyinyi mnajua mila yetu na wakwe. Mkwe hakukazii macho, hali nawe sahani moja, na mambo ya chumbani kwake hayapiti kinywani mwako wala mwake. Kijana yuko ughaibuni miaka yote hiyo na hajaiacha. Moyo ulinijaa. Nilikaa kiti cha nyuma mpaka Quakers Hill, mtaa wanaokaa, saa nzima, tukizungumzia mvua.

Salma alinifungulia mlango amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu. Na Nuru, jamani. Mdogo kuliko mkate wa boflo. Nilipompakata niliogopa kupumua. Nikamwambia Salma ampe ziwa nione. Mtoto alishika, akavuta mara mbili, akachoka, akalala. Mara mbili tu! Salma akasema, "Ndiyo hivyo, Mama. Every time." Kisha akakaa kwenye mashine inayovuma kama cherehani, akakamua, akamnywesha mwanawe kidogo kidogo kwa kikombe kisichozidi kifuniko cha chupa. Kila baada ya saa tatu, usiku na mchana.

Nilifanya yote ninayoyajua. Nilimkanda kwa maji ya moto, nilimfunga mkaja, nilimpikia uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku. Maziwa yalikuja mpaka yakalowesha kanga. Lakini mtoto, mara mbili, usingizi. Mkunga wa kule, binti wa Kizungu aliyekuja nyumbani na mizani, alisema anaongezeka taratibu na ana nguvu ndogo tu kwa sababu ya kuzaliwa mapema. Alisema tusubiri. Mimi nikamwona bado mtoto, hajui dunia.

Siku ya nane nikafikia uamuzi. Mtoto amekonda, maziwa yapo, dawa imefanyika. Kwetu mtoto wa namna hiyo tunasema kabemendwa, yaani wazazi wake wamekutana kabla hajapata nguvu, naye ndiye analipa. Mtanisema, lakini ni nani kati yenu asingewaza hivyo? Tatizo lilikuwa kuuliza. Mkwe huwezi kumuuliza. Na mwanao mwenyewe pia huwezi, mama hawi somo wa binti yake wa kumzaa. Anatafutwa mtu wa kati.

Mtu wa kati alikuwepo. Mama Neema, Mkongo wa Bukavu anayekaa Rooty Hill, mtaa usio mbali, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na akitoka zamu anapita kumpikia Salma sombe, yaani kisamvu. Anampenda kama mdogo wake. Nilimwita pembeni penye kamba ya nguo nikamweleza.

Alishika kichwa. "Mama, ayi! Kwetu pia batu banasema vile. Lakini Salma iko fatiguée, amechoka sana. Minaogopa."

"Uliza kwa ulaini," nikamwambia.

"Hii mambo haina ulaini, mama."

Nikamshikilia. Akaenda. Nilibaki kwenye kamba ya nguo nikitundika nepi zilizokwisha kauka.

Salma alitoka mwenyewe uwanjani, mtoto begani. Hakupiga kelele, na laiti angepiga. "Mama, umekuja mbali kote huku kuniuliza hilo? Tena kwa mdomo wa mtu? Mimi na-pump kila saa tatu. Sijalala tangu hospitali. Nanuka maziwa mpaka kwenye nywele. Na wewe umekaa siku nane unanitazama, unawaza hilo?"

"Salma, nimeuliza tu ili..."

"It's fine. Nimechoka kujaribu. Kama nimeshindwa, nimeshindwa. Labda mimi si mama, tuseme hivyo, tumalize."

Akaingia ndani. Nilimsikia akiipakia ile mashine kwenye kasha lake, na mlango wa chumba ukafungwa. Nilipogeuka nikamwona Idrisa dirishani jikoni, kikombe mkononi. Alikuwa amesikia yote. Akakiweka kikombe kwenye sinki, chai haijaguswa, akaondoka kwenda kazini.

Ulimi hauna mfupa, lakini nyumba niliivunja. Siku mbili Salma hakunisemesha ila salamu. Maziwa yaliyokuwa kwenye jokofu yalikuwa yanakwisha na hakuna mapya yaliyoingia. Nilikwenda kumpa mwanangu moyo, na mimi ndiye niliyemnyang'anya. Nilikuwa nahesabu vile vichupa kila nikifungua jokofu na sikuwa na wa kumwambia.

Kuvuka milima

Jumamosi asubuhi Mama Neema akaja na ujumbe. "Bwana ya Salma anasema leo hatumiki, haendi kazi. Anataka akupeleke ng'ambo ya milima, uone kinyamadege."

"Kinyama nini?"

"Mi pia sijui. Anasema niende na ninyi, nikuwe katikati."

Nilidhani ananitoa nyumbani kwake kistaarabu, na kusema kweli nilistahili. Salma alijibu nyuma ya mlango, "Nendeni. Nataka nibaki na mwanangu." Nikachukua chapati sita na koti la Salma, tukaenda.

Mama Neema mbele, mimi nyuma. Mazungumzo yalikuwa hivi: Idrisa anamwambia Mama Neema, Mama Neema anageuka ananirudia neno kwa neno, mimi ninayesikia kila kitu ninamjibu Mama Neema, naye anageuka anamwambia Idrisa aliyekwisha sikia. Gari moja, watu watatu, na ukitusikiliza utadhani tuko mabara mawili.

Juu mlimani tulikuta barabara inatengenezwa, foleni haisogei. Baridi ya huko si ya kawaida. Mama Neema alishuka akanunua pai ya nyama, akaila pamoja na karatasi yake kidogo. Nilimpitishia Idrisa chapati kupitia kwake. Ilipomfikia Idrisa ilikuwa imepungua.

Hapo kwenye foleni ndipo alipoanza. "Mama Neema, mwambie mama kwamba huyu mnyama, Wazungu wa kwanza walipopeleka ngozi yake Uingereza, wataalamu walikataa. Walisema kuna mtu kashonea mdomo wa bata kwenye mwili wa mnyama. Mmoja akachukua mkasi akatafuta nyuzi."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Muulize, walizipata?"

"Hawakuzipata. Wakamtafutia jina. Walipomaliza kumpa, wakakuta jina hilo limeshachukuliwa na mdudu anayetoboa magogo. Ikabidi waanze upya. Wenyeji wa hii nchi walikuwa na majina yao zamani, hakuna aliyewauliza."

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu ile siku ya kamba ya nguo. Nikaziba mdomo kwa mtandio, maana kucheka mbele ya mkwe nako kuna kipimo. Nikasema na hicho Kiswahili chake, kinyamadege, ni cha mtu aliyeshindwa kuamua. Mabega ya Idrisa yakatikisika, nikajua na yeye anacheka.

Nikamuuliza kupitia mtu wetu wa kati, dereva wa makontena kayajulia wapi haya. Foleni ilisogea, akasogeza gari. Kisha akasema wiki zile Nuru yuko hospitali, alipewa kupeleka mzigo Oberon, huko tunakokwenda. Akaegesha kando ya mto apumzike, akamwona. Tangu siku hiyo, akiwa kwenye foleni bandarini Port Botany akingoja kontena, wenzake wanatazama mpira, yeye anasoma habari za kinyamadege. "Ilinisaidia kuvumilia," akasema. Mama Neema hakunirudia hilo. Alitazama tu nje.

Mtoni

Mto wenyewe si mto wa kutisha. Maji ya kahawia, magogo, nyasi hadi kiunoni. Tulifika alasiri, tukaketi kwenye ukingo, Mama Neema katikati kama kawaida. Idrisa alisema tusitembee na tusiseme kwa nguvu. Tulikaa. Bata walipita, wakaenda zao. Miguu yangu ilianza kuuma na nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kusema sikuona kitu.

Kisha mapovu. Kijimstari cha mapovu madogo, na viduara juu ya maji, na katikati yake kikatokea kichwa. Mdomo bapa mweusi, mwili wa kahawia, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole, mkia mpana. Akatafuna, taya zikienda huku na huku, akainama akapotea. Nilimhesabia. Hakufika dakika, akatoka tena mahali pengine. Mama Neema alishika mkono wangu akaung'ang'ania. "Ee Mungu, njo ile," alinong'ona. "Iko kweli!"

Tulimwona mara nne. Idrisa alieleza, macho kwenye maji. Akizama anafumba macho na masikio, anawinda kwa mdomo, anahisi umeme mdogo wa wadudu na kamba wakijitikisa kwenye matope. Hana tumbo la kusagia chakula kama letu, hana meno. Dume lina mwiba wa sumu mguuni. Nilimuuliza, kupitia njia yetu, huyu ni dume au jike. Akasema kwa mbali huwezi kujua.

Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayetembea juu ya ubao mwembamba.

"Mama Neema. Mwambie mama huyu mnyama anataga mayai. Mawili hivi, madogo kama gololi. Jike anayalalia kwenye shimo refu, akijikunja, mayai kati ya tumbo na mkia. Siku kumi. Yakianguliwa, mtoto ni kama harage."

"Mama, anasema iko na mayai..."

"Endelea," nikasema.

"Na ananyonyesha. Lakini hana chuchu."

Mama Neema akafumbua mdomo anirudie, akaufumba. Nami nikatazama maji. Nilikuwa nimeshaelewa tunakokwenda. Kijana asingeweza kulitaja ziwa la mkewe mbele yangu hata kwa kisu shingoni. Alikuwa kalibeba hilo neno mlima mzima, kalifunga ndani ya mnyama.

"Maziwa yanatoka kwenye ngozi ya tumbo," akaendelea, "yanalowesha manyoya, mtoto anaramba. Miezi mitatu, minne. Anakua, anatoka anaogelea. Wataalamu walibishana miaka mingi, mwambie mama. Walisema mnyama asiye na chuchu hana maziwa. Na maziwa yalikuwepo muda wote. Mtoto alikuwa anashiba muda wote."

Yule mnyama alitokea mara ya mwisho, karibu na ukingo, akazama.

"Na dume," Idrisa akasema, polepole sana, "dume halikanyagi kule. Jike likishaingia na mayai yake, linaziba njia kwa udongo. Dume halijui hata shimo liko wapi." Akatazama viatu vyake. "Mwambie mama. Dume halijakanyaga."

Mama Neema hakunirudia. Aliweka kichwa magotini.

Jamani, nimewahi kujibiwa na wenye hasira, na wenye uongo, na wenye kuapa kwa msahafu. Sijawahi kujibiwa kwa heshima namna ile. Kijana nilimtuhumu jambo la aibu, naye akaniendesha saa tatu ili anipe jibu lake bila kunivua nguo. Niliona aibu, na aibu ile ilikuwa haki yangu.

Nikampita mtu wa kati. Nikasema mwenyewe, kwa jina lake ambalo sijawahi kulitamka mbele yake: "Idrisa mwanangu. Nimesikia. Nimekosa."

Aliinama mpaka paji la uso likagusa mikono yake. Mabega yalitikisika tena, na safari hii hakuwa anacheka. Baadaye akasema, akinielekea mimi japo macho yako chini, "Mama, mimi nalijua shimo liko wapi. Nalala sebuleni, naisikia ile mashine. Ninachojua kufanya ni kuosha vichupa tu." Mama Neema akapenga kamasi kwa karatasi ya pai akasema, "Bon. Basi tukwende, baridi itatuua."

Quakers Hill tena

Salma alikuwa sebuleni na Nuru. Kwa kikombe alikuwa akimnywesha maziwa yaliyobaki kwenye jokofu, ya mwisho. Idrisa alikwenda jikoni akafunga mlango. Nikakaa chini, kwenye zulia, yeye akiwa juu ya kochi.

"Salma, nimekuja kukuomba radhi."

Alishtuka. "Mama, mzazi haombi radhi."

"Basi leo kaomba. Nilikuuliza swali baya, na lingekuwa baya hata kama ningeuliza kwa mdomo wangu. Nimekutazama siku nane nikihesabu anachokosa mtoto. Sikutazama anachopata. Kila tone alilonalo mwilini huyu umempa wewe."

Machozi yalimshuka yakaingia kwenye kanga, naye akaendelea kushika kikombe, hakumwaga hata kidogo. Nikanyoosha mikono. "Nipe mtoto, na hicho kikombe, nifundishe. Halafu wewe ulale."

"Unajua kumshika? Ukiinamisha sana anapaliwa."

"Ndiyo maana nimesema nifundishe."

Akanifundisha. Somo wa mtaa mzima akafundwa na mwanawe namna ya kumgusisha mtoto kikombe mdomo wa chini na kumwacha arambe mwenyewe, ulimi mdogo unatoka unarudi. Nilipomwona anaramba nilisimulia habari ya mtoni. Salma alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi ndiye kinyamadege?"

"Wewe una chuchu, usijishushe."

Alicheka, kicheko cha kukwaruza, cha mtu aliyesahau. Kisha akainuka, akaitoa mashine kwenye kasha. Akakamua, akalala saa tano mfululizo. Kuanzia hapo tulipanga zamu: Salma kukamua, mimi na Mama Neema kikombe, Idrisa vichupa na pia kikombe cha alfajiri kabla ya kazi. Yule mkunga alipokuja na mizani alichora mstari kwenye kitabu chake akaupandisha, akanionyesha. Nikampikia chai ya tangawizi.

Na kunyonya? Wiki yangu ya mwisho Nuru alishika ziwa dakika nne kwa saa ya ukutani, akaliachia mwenyewe kama mtu aliyeonja. Kesho yake hakutaka. Keshokutwa akashika tena. Salma alikuwa anamchukua vyovyote alivyokuja, na shingo yake imeanza kurudi kawaida.

Tanga

Hilo ndilo jibu langu kwa wote mlioniuliza. Nuru anakunywa maziwa ya mama yake. Mlango yanaopitia usitusumbue.

Lakini lipo jingine, nalo ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Wiki iliyopita mmoja wenu, simtaji, alimleta mkamwana wake na mtoto wa wiki sita aliyekonda. Akaketi kwenye mkeka wangu akaniambia, binti mwenyewe akisikia, "Somo, muulize." Swali mnalijua. Na binti alilijua. Alikuwa ameshainamisha kichwa analisubiri, mabega juu, kama anayengoja kofi.

Nimewauliza wangapi swali hilo, humuhumu, kwenye mkeka huu? Niliwaona wanavyoinamisha kichwa nikadhani ni hatia. Baadhi yenu mtalisoma hili na ni nyinyi niliowauliza. Nisameheni, na asiyeweza kunisamehe asijilazimishe.

Nilimwomba yule mama mkwe atusubiri nje. Nikampokea mtoto mikononi, nikamwegemeza begani. Nikamuuliza binti, "Mwanangu, mara ya mwisho umelala lini?"

Akainua uso kunitazama kama hakusikia vizuri. Alifungua mdomo anijibu, akaegemea ukuta, na usingizi ukamchukua kabla hajamaliza sentensi. Nilimshika mtoto mpaka alipoamka, ndipo tukatoka pamoja kwenda kliniki.